Ukurasa wa mbele usomwe kwenye karatasi

Kwa Mhariri,

Makosa ya kurasa za mbele katika magazeti yetu ya Kiswahili yamezidi, na yanaumiza lugha hadharani. Mchuuzi wa Barabara ya Tom Mboya huanika nusu ya juu ya gazeti. Wapita njia wengi husoma hapo tu na kwenda zao.

Mara nyingi kosa huzaliwa dakika za mwisho. Kichwa cha habari kinakataa kutoshea, msanifu anapunguza herufi: "Mabasi yaanguka" inakuwa "Basi yaanguka", badala ya "Basi laanguka". Nomino imekatwa, kiambishi kimesahaulika. Programu ya tahajia haisaidii hapo, wala haitagundua "kura" ikiandikwa "kula", maana yote ni maneno halali. Picha nayo hubadilishwa, maelezo ya ile ya kwanza yakabaki chini yake.

Napendekeza ukurasa uchapwe kwenye karatasi ya A3 na usomwe na mhariri ambaye hakuuandaa. Aanze na herufi kubwa kuliko zote, kwa kuwa ndizo jicho hurukia kwa haraka. Kisha akague majina herufi kwa herufi, tarehe, maelezo ya picha, na afungue kila ukurasa unaotajwa kwenye "Endelea Uk." Likibadilishwa neno moja baadaye, kichwa kizima kisomwe upya, kwa sauti, kabla ya kupelekwa mtamboni.

Msomaji,
Nairobi