Waliojifungua wanaugua, mfereji wa wadi mkavu

Kwa Mhariri,

Ile habari yenu ya juma lililopita kuhusu akina mama wanaopata homa baada ya kujifungua nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Mwandishi wenu ametaja uchafu wa nyumbani, wakunga wa mitaani, kukandwa na dawa za miti shamba, kisha akamaliza kwa kuwaasa wanawake wajichunge usafi. Mimi ni mkunga mstaafu. Nilizalisha kwa miaka 31, na tangu nistaafu sijaliandikia gazeti lolote hata mstari mmoja. Leo imenishinda kunyamaza.

Sikatai kwamba mikono michafu ya nyumbani inaua. Kutia dawa za miti ukeni ni hatari, nimewakemea wengi kwa hilo, tena nyumbani kwao mbele ya mama wakwe zao. Lakini mwandishi wenu ameacha yaliyo makubwa zaidi. Uchungu uliochukua muda mrefu, chupa iliyopasuka na mtoto akachelewa kutoka, kupimwa njia ya uzazi kwa vidole mara kwa mara, kipande cha kondo kilichosahauliwa ndani, mkono ulioingizwa kulitoa kondo lililokwama: hayo ndiyo yanayomfungulia mdudu mlango. Na kubwa kuliko yote ni upasuaji. Mwanamke aliyejifungua kwa kisu yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa kuliko aliyejifungua kwa njia ya kawaida, na ndiyo maana yafaa apewe antibayotiki kabla ngozi haijakatwa. Ongeza hapo upungufu wa damu, kisukari au virusi vya ukimwi, na mwili hauna tena nguvu ya kupigana. Sasa niambie, Mhariri, katika hayo yote ni lipi ambalo mwanamke aliyelala chali kitandani anaweza kulizuia kwa kujichunga usafi?

Nitasema la mwanangu, kwa kuwa nililiona kwa macho yangu. Binti yangu wa pili chupa ilimpasuka kabla ya adhana ya alfajiri. Saa moja asubuhi tulikuwa tumeshafika hospitali, jina lake nalihifadhi, na mtoto akatolewa kwa upasuaji usiku wa siku hiyohiyo. Kati ya hapo alipimwa njia mara kumi na moja. Nilihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Wauguzi wawili wa zamu, daktari, wanafunzi watatu waliopokezana, kisha zamu mpya ikaanza upya kana kwamba hakuna kilichoandikwa kwenye faili. Inatakiwa kila baada ya saa nne, isipokuwa kuwe na sababu. Karibu na mlango kulikuwa na beseni la kunawia lenye mfereji mzuri unaong'aa, nikaufungua, ukatoa upepo. Chini yake kulikuwa na ndoo isiyo na kifuniko, na kata ya plastiki inaelea ndani. Kila aliyetaka maji alitumbukiza mkono uleule ili aipate kata. Sabuni ilikuwa kipande chembamba kama ukucha, na baada ya saa sita mchana hakikuwapo tena. Glavu walivaa, sikatai, lakini glavu zilitolewa kwenye boksi kwa mkono uliokuwa umetoka kushika pazia, kitanda na simu. Nilipomwambia muuguzi mmoja, alinijibu kwa upole, "Mama, hata sisi tunakunywa maji ya kununua." Sikumkasirikia yeye. Alikuwa peke yake na wanawake kumi na wanne.

Siku ya pili baada ya kisu akaruhusiwa kwenda nyumbani, kwa sababu kitanda alikuwa akilalia na mzazi mwingine. Siku ya nne akatetemeka kwa baridi, mchana, Mombasa, mwezi wa Februari. Na mimi, mkunga wa miaka 31, nikasema ni maziwa yanaingia. Nikampikia uji wa pilipili manga, nikamfunika. Sijajisamehe. Kesho yake nikifua kanga zake nikaisikia ile harufu, na harufu ile mkunga haisahau. Kipimajoto kikasoma 39.2. Alilazwa tena siku tisa, akafunguliwa mshono ukasafishwa. Yuko hai, alhamdulillahi.

Hayo maji nayo yanataka kusemwa. Hapa kwetu Mtopanga mfereji unaweza kukaa wiki tatu bila tone, lakini bili haijawahi kukosa hata mwezi mmoja. Tunanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita ishirini, na bei hupanda siku ileile ukame unapotajwa redioni. Sisi tumezoea. Lakini wadi ya uzazi izoee vipi? Mwaka 1847, huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha wenziwe kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka katika wadi yake. Tulifundishwa hilo juma la kwanza chuoni. Limejulikana tangu hapo, na bado ninaandika barua kuhusu kata iliyo ndani ya ndoo.

Shirika la Afya Duniani linataka mzazi akae kituoni angalau saa 24 hata akiwa mzima, atazamwe tena siku ya pili au ya tatu, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita, maana hatari hii huhesabiwa hadi siku ya 42. Wazee wetu waliweka arobaini, mzazi asitoke, atazamwe kila siku. Hospitali inamtoa mapema na nyumbani tunamfungia ndani. Basi nani atampima homa? Kila mzazi anayeruhusiwa aondoke na kipimajoto, na ambaye yuko naye nyumbani aambiwe wazi: homa ikifika nyuzi 38, au damu ikinuka, au tumbo likiuma kwa chini, rudini siku hiyohiyo, usiku kwa mchana, msingojee maziwa.

Na kila wadi iwekwe pipa la lita mia lenye kifuniko na koki kwa chini, pamoja na sabuni iliyofungwa kwa kamba ili isitoweke, na juu ya kila kitanda karatasi ambayo anayempima mzazi njia anaandika saa na jina lake. Fundi wa Kongowea anatia koki kwenye pipa kwa nusu saa. Pipa la kwanza nimeshalinunua, liko barazani kwangu. Ukipata wadi itakayokubali kulipokea, Mhariri, niandikie, nitalileta mwenyewe kwa mkokoteni.

Mkunga mstaafu,
Mtopanga, Mombasa