Anza na Mlango wa Kutokea: Matembezi ya Mtoto Anayeelemewa na Kelele na Mwanga

Wazazi wakitupigia simu, swali la kwanza karibu kila mara ni "Mtatupeleka wapi?" Nasi tunauliza letu: mtoto akielemewa, mtatokaje hapo, na itachukua muda gani kufika mahali penye utulivu? Wengine hudhani tunakwepa swali. Hapana. Jibu la swali letu ndilo linalochagua mahali.

Kazi yetu ni kuandaa matembezi ya familia zenye watoto wenye usonji (autism), ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikra), na wengine ambao ubongo wao unapokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa namna tofauti na wenzao. Katika kazi hii tumeona kwamba bustani ya wanyama au jumba la makumbusho lenyewe ni nadra kuharibu siku. Siku inaharibika kwenye foleni ya tiketi, chooni, penye mlango mwembamba watu wanakosukumana, au pale baba anaposema "haya, twende nyumbani" ghafla, mtoto akiwa katikati ya mchezo.

Jambo hili si deko, wala si malezi mabovu kama wanavyonong'ona wapita njia. Mwaka 1943, daktari Leo Kanner alipoandika makala yake maarufu kuhusu watoto wenye usonji, alitaja hofu yao ya lifti, ya mashine za kufyonza vumbi, hata ya upepo. Pamoja na hayo, ni mwaka 2013 tu ndipo mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani ulipoingiza mwitikio wa hisia uliozidi au uliopungua miongoni mwa vigezo vya kutambua usonji. Wazazi walikuwa wanalijua hilo siku nyingi.

Angalia hayo maneno, uliozidi au uliopungua. Yupo mtoto anayeziba masikio kwa sauti ya kijiko kilichoanguka, na yupo anayetafuta msukosuko: azunguke, aruke, abembee, ajigonge kwenye mito. Huyu wa pili ukimpeleka kwenye chumba chenye ukimya na mwanga hafifu, utakuwa umempa adhabu. Na wapo wengi walio yote mawili, wanaochukia kelele za watu lakini wanapiga kelele zao wenyewe siku nzima. Ndiyo maana hatuuzi orodha ya "sehemu tulivu". Tunataka kwanza kumjua mtoto.

Kuelemewa nako kunakuja kidogo kidogo. Nguo yenye lebo inayokwaruza shingoni, safari ya gari, jua la machoni, foleni, harufu ya watu, kisha mtu anamgusa bega na mtoto analipuka. Mzazi anabaki kushangaa: kuguswa tu? Haba na haba hujaza kibaba, na hiki kibaba hakionekani kwa macho. Kwa hiyo tukipanga ratiba, hatuulizi tu kitu gani kinamkera, tunauliza pia vitu vingapi vitatangulia kabla ya kufika kile alichokuja kukiona. Kama anapenda samaki, aingie moja kwa moja kwa samaki. Duka la zawadi, picha ya pamoja na maelezo marefu ya mwongozaji vinaweza kusubiri, au visiwepo kabisa.

Sasa choo. Tunaomba radhi kwa kukaa sana hapa, lakini tukilazimika kukagua kitu kimoja tu kabla ya safari, tungekagua choo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na mazungumzo ya kawaida huwa kama desibeli 60. Utafiti wa msichana mmoja wa shule wa Kanada, uliochapishwa 2019 katika jarida la afya ya watoto la nchini humo, ulionyesha kwamba baadhi ya vikausha mikono vya umeme huvuka desibeli 100 vikipimwa kwenye usawa wa masikio ya mtoto. Vipimo vya desibeli havipandi kama hesabu ya kawaida. Tofauti ya 40 ni nguvu ya sauti mara 10,000. Na mtoto, kwa kimo chake, masikio yake yako karibu na mdomo wa mashine kuliko yako wewe.

Halafu kuna vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe. Mwili wa mtoto ni mdogo, mashine inadhani hakuna mtu, maji yanafoka angali amekaa. Baada ya hapo hatakubali tena choo cha nje ya nyumbani. Dawa yake ni kipande cha karatasi yenye gundi: kibandike juu ya kile kijicho cheusi cha kuhisi mtu kilicho ukutani kabla hajakaa, ukibandue akishatoka. Kiweke mfukoni pamoja na taulo ndogo ya mikono, na umekwisha kuwakwepa maadui wawili.

Vikinga masikio vinasaidia, ila avizoee nyumbani kwanza. Kuvivaa mara ya kwanza katikati ya umati ni kumwongezea kitu kigeni kichwani. Tena visikae masikioni kutwa; wataalamu huonya kwamba masikio yakizoea ukimya, sauti za kawaida huanza kuuma zaidi.

Kuhusu muda: saa ya kwanza baada ya kufunguliwa, siku isiyo ya mapumziko. Hapo hatuna la kuongeza.

Siku chache kabla, tunawatumia picha za mahali penyewe kwa mpangilio: geti, njia, choo, benchi la kupumzikia, anachokwenda kukiona, na gari la kurudi. Mfano wake ni hadithi fupi za matukio ambazo mwalimu wa Marekani Carol Gray alianza kuzitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Picha ya gari la kurudi wengi huisahau, nayo ndiyo inayomwambia mtoto kwamba jambo hili lina mwisho.

Lipo suala ambalo hatulifanyii mzaha. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2012 katika jarida la Pediatrics uligundua kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji, asilimia 49, walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne. Watoto hawa wengi huvutwa na maji. Kwa hiyo kabla hatujakubali mahali, tunatembea kutafuta bwawa, mto au kidimbwi kilicho karibu, na kila mtu mzima kwenye msafara anajua kwamba mtoto asipoonekana, tunaanzia kwenye maji. Mwacheni mtu mmoja tu awe na jukumu la macho, kwa zamu iliyotamkwa kwa sauti. "Tunamwangalia sote" maana yake hakuna anayemwangalia.

Akilipuka, punguzeni maneno. Mtu mmoja akae naye, wengine wasogee na kuwazuia watazamaji kwa adabu. Msimdai akutazame machoni, wala msimuulize maswali. Mlango wa kutokea mnaujua, basi tokeni.

Kwetu, familia ikiondoka baada ya dakika ishirini hatuihesabu kuwa safari iliyoshindikana, na hatuitozi faini. Safari ya kwanza hatuwachanganyi na familia msiyoijua. Mkitaka kuanza, tuandikieni mambo matatu: kinachomkera mtoto, kinachomtuliza, na ishara ndogo anayoitoa kabla hajalipuka, iwe ni kukunja vidole, kurudia neno au kunyamaza ghafla. Hilo la tatu ndilo tunalolihitaji zaidi, maana mwongozaji wetu hatalijua bila ninyi kumwambia.