Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: bahasha yangu iko wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Assalaam alaykum. Kwanza nikupe pole na kazi. Nasikia ni nyingi, na pengine ndiyo sababu barua zangu mbili za mwanzo zimekosa majibu. Hii ya tatu naiandika hadharani. Ukiona nimekosa adabu uniwie radhi. Adabu niliyokuwa nayo niliiacha kituo cha polisi Alkhamisi iliyopita.

Mimi ni mjane. Nina vyumba vinne vya uani, nawakodisha watoto wa kike wa chuo waliokosa nafasi dakhalia, yaani bweni la chuo. Wengi wanatoka Pemba. Alkhamisi baada ya Isha mmoja wao alibisha mlango wa nyuma, miguu mitupu, kanga kaikandamiza sikioni. Kumfunua, ndewe imechanika na hereni haipo. Aliyemfanya hivyo ni kijana wa mwaka wa pili wa chuo hicho hicho, nami namjua. Mwaka jana akija kunibebea ndoo za maji bila ya kuambiwa. Kaanza na bangi pale maskani nyuma ya kiwanja, akaingia kwenye vidonge, sasa anakula unga, hiyo heroini. Siku ile boom, pesa ya mkopo wa wanafunzi, lilikuwa limeingia. Alitaka namba ya siri ya simu ya yule mtoto, na aliponyimwa, akachukua hereni. Ya dhahabu, kapewa na bibi yake.

Nikampakia bajaji mpaka kituoni. Askari wa zamu hakunyanyua hata kichwa. "Huyo mwanamme ni nani wako?" Mtoto kimya. Akaulizwa tena, mbele ya wanaume watatu waliokuja na kesi ya ng'ombe. "Mchumba," akasema, sauti haitoki. "Ulifuata nini kwake usiku?" Basi, hapo yakaisha. PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali, tukaambiwa tuifuate asubuhi, kwa kuwa askari wa Dawati la Jinsia usiku hayupo. Kumbe hata kupigwa kuna saa za kazi, na sisi hatukujua.

Asubuhi akaja ami yake yule kijana, kafuatana na mzee mmoja wa mtaani, wamebeba kilo mbili za sukari. Mambo ya vijana haya, Bi mkubwa, tuyamalize. Muhali, ile haya ya kumkatalia mtu wa karibu, Mheshimiwa, wewe unaujua. Yule mzee ndiye aliyemkosha marehemu mume wangu. Ningemwambia nini? Sukari nikaipokea. Mpaka leo sijaifungua.

Sasa nikukumbushe kidogo. Mwaka jana, kwenye mkutano wa kiwanja cha skuli, ulisema tukuletee majina ya wauzaji wa unga na wewe unajua pa kuyapeleka. Tukakupigia makofi. Mimi niliandika majina manne kwa mkono wangu, nikayatia kwenye bahasha ya kaki, nikaipeleka ofisini kwako, ikapokelewa. Siku ya tano mmoja wa wale wanne alipita barazani kwangu, akaniamkia vizuri kabisa, kisha akasema: "Bi mkubwa, una mwandiko mzuri." Tangu hapo nalala na taa inawaka, na bili ya umeme nalipa mwenyewe.

Kila mkija huku mnatuambia kuwa dawa za kulevya ndizo chanzo cha kupigwa watoto wetu. Sibishi sana. Lakini nina mdogo wangu aliyekula unga miaka tisa. Aliuza masufuria ya mama, akauza mlango wa jikoni, ukabaki wa mbele akauza kitasa. Mwanamke hakumpiga hata siku moja. Leo anakwenda hospitali ya Kidongo Chekundu kila siku kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, na jioni anauza kahawa. Kwa hiyo unga peke yake hauchani sikio la mtu. Mimi si daktari, nakisia tu, ila nimekaa na wasichana hawa miaka saba. Arosto, maumivu ya kukosa unga, ikimshika, kijana anataka pesa, na pesa iliyo karibu ni ya yule asiyeweza kusema kanyang'anywa. Akiiba dukani atapigiwa ukelele. Akimnyang'anya mpenzi wake, nani wa kupiga ukelele? Msichana akisema kwao, anatolewa chuo. Akisema kituoni, anaulizwa alifuata nini. Yule kijana haya anayajua hata akiwa kalewa chakari. Na kofi la kwanza, kama alivyonieleza mwenyewe yule mtoto, alimpiga akiwa na akili zake timamu.

Vyombo tunavyo, hilo sikatai. Ipo Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, kwa Sheria Namba 8 ya 2021. Kipo kituo cha Mkono kwa Mkono, cha kuwapokea waliodhalilishwa, pale hospitali ya Mnazi Mmoja tangu 2011. Zipo mahakama maalumu za udhalilishaji. Lakini sisi wa uani tulipotafuta njia ya kufika huko, tuliishia kwenye meza ya yule asiyenyanyua kichwa.

Taa za barabarani ulizotuahidi, ziache. Kituo kipya, kiache. Hata yale majina manne, kama yana wenyewe, basi. Naomba askari mwanamke mmoja, wa usiku, na chumba chenye mlango unaofungwa. Amwandikie mtoto PF3 usiku ule ule, na asimuulize alifuata nini. Mmoja tu, Mheshimiwa. Hata kama ni wa kuazima.

Yule mtoto aliondoka Jumamosi na boti ya Mkoani, na mitihani imebaki wiki mbili. Godoro lake liko chumbani. Baba yake nilimwambia hereni ilinasa kwenye mlango wa daladala. Jana kanipigia kuuliza ni daladala ya njia gani, anataka kumshitaki dereva. Nimemwambia nitaulizia.

Wako mtiifu,
Mwenye vyumba vya uani

Jina langu unalo. Limo kwenye ile bahasha.