Amethisto si ya kuanikwa juani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaouza vito, hapa Masasi na kule Ruangwa. Nawaona wengi wanapanga amethisto, kile kito cha zambarau, barazani, inapigwa na jua kutwa. Korosho tunaianika ili ikauke. Amethisto ukiianika hivyo siku baada ya siku, inapauka, na rangi ndiyo bei yake.

Jiwe hili ni kwatsi, madini magumu yaliyoundwa na silika. Maji ya moto yenye silika hiyo yalipita kwenye nyufa na matundu ya miamba, yakaacha fuwele, na ndani ya fuwele kukanaswa chuma kidogo sana. Mionzi ya asili kutoka kwenye miamba ikakibadili chuma hicho taratibu, ndipo ikaja zambarau. Ukilichoma kwa nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi, zambarau inaondoka na jiwe linakuwa la manjano au la chungwa. Sitrini nyingi, yaani kwatsi ya manjano, inayouzwa duniani imepatikana hivyo. Kuchoma silaumu, ni ufundi wa siku nyingi. Ninacholaumu ni kumficha mnunuzi.

Mama mmoja aliniletea kidani alichomnunulia binti yake kwa ajili ya kipaimara. Alitaka amethisto kwa kuwa maaskofu tangu zamani huivaa kwenye pete. Nilikitazama kwa lenzi inayokuza mara 10: viputo vya mviringo ndani, kingo za mikato zimeshalika. Kilikuwa kioo. Iliniuma kumwambia, maana alikuwa amedunduliza fedha ile.

Amethisto ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini, hivyo inakwangua kioo cha dirisha. Iweke juu ya karatasi nyeupe: mara nyingi utaona mikanda yenye pembe, mmoja umekolea, mwingine umefifia. Ila ziko pia zinazokuzwa viwandani, nazo ni kwatsi kweli. Kuzitambua ni kazi ya maabara, wala muuzaji asijifanye anaweza kwa macho.

Basi tuandike kwenye risiti: jiwe gani, uzito wa karati ngapi, limechomwa au halikuchomwa, limechimbwa au limetengenezwa. Na mnunuzi aelezwe namna ya kulitunza: alioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, asilifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kwani vumbi letu lina chembe za kwatsi hiyohiyo, zinalichubua.

Fundi sonara,
Masasi, Mtwara