Barua ya wazi kwa Msemaji Mkuu wa Serikali: wafundisheni kabla ya ajali

Ndugu Msemaji Mkuu,

Yah: Mafunzo kwa wanaosimama mbele ya kipaza sauti saa ya kwanza

Mimi ni mwandishi wa redio, mwenyeji wa Kagera. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba, wavuvi waliiwahi na mitumbwi yao. Asubuhi ile ikatangazwa kwamba kati ya watu 43 waliokuwemo, 26 wameokolewa, na kwamba mawasiliano na marubani yapo. Baadaye hesabu ikawa nyingine: walionusurika 24, waliofariki 19, marubani wote wawili wakiwemo.

Simlaumu aliyesema. Mkia tu ndio ulionekana juu ya maji, na waandishi walikuwa wanadai namba. Lakini nawafikiria jamaa wa marubani wale, kama redio zao zilikuwa wazi.

Maafisa habari wa mikoa na halmashauri wana vikao kazi vyao kila mwaka, na wengi kazi wanaijua. Ila saa ya kwanza hawazungumzi wao. Anazungumza mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, kamanda wa polisi, mganga mfawidhi. Hao ndio nakuomba uwaketishe mbele ya kamera mapema, waandishi halisi wawabane kwa maswali huku simu zikiita, kisha wajitazame kwenye rekodi.

Wazoee kusema: "Hilo bado hatujalithibitisha, nitarudi hapa saa nane." Na saa nane warudi, hata kama hawana jipya. Niliwahi kukaa saa sita nje ya hospitali moja baada ya basi kupinduka, asitoke mtu wa kusema neno. Kufikia jioni, vifo vilivyotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp vilizidi abiria wa basi lenyewe. Kijana mmoja alikwenda kununua sanda ya dada yake. Dada alikuwa wodini, amevunjika mkono.

Wajue pia kwamba "ameokolewa", "amefikishwa hospitali" na "ametambuliwa" ni mambo matatu. Namba huvurugika hapo, mtu mmoja akihesabiwa ufukweni na tena mapokezi. Majina yasubiri familia ziambiwe kwanza. Chanzo cha ajali waachiwe wachunguzi.

Naomba muanzie mikoa ya Ziwa. Huku tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018, na kila siku watu wetu wanapanda vivuko na mitumbwi. Niko tayari kuja kuuliza maswali kwenye mafunzo hayo bila posho, na wenzangu nitawaomba waje.

Tunaomba mtupangie siku.

Wako,
Mwandishi wa redio, Bukoba