Jumamosi: tunakagua shamba kabla ya msimu wa kulungu

Habari za jioni ndugu zangu, wazee kwa vijana. Msimu wa kuwinda kulungu kwa mishale hapa Iowa unafunguliwa tarehe 1 Oktoba na sisi bado hatujui kulungu wanapitia wapi mwaka huu, kwa hiyo Jumamosi hii twende tukakague lile shamba. Mzee mwenye shamba ameshatupa ruhusa ila kasema tusimkanyagie soya yake, tupite pembeni tu.

1. Tukutane paking ya kanisani saa 4 asubuhi. Najua kuna wanaopenda kwenda alfajiri ila asubuhi mapema na jioni ndo wanatoka kula, tukiingia mchana hatuwashtui sana.
2. Mafuta dola 10 kila mtu, mpeni mweka hazina kabla ya Ijumaa usiku.
3. Buti, suruali ndefu na dawa ya kupe, kupe wa huku si mchezo jamani.

Cha kuangalia ni nyayo kwenye tope karibu na mfereji, kinyesi (kikiwa cheusi kinang'aa ujue kapita sasa hivi), soya iliyokatwa vichwa, na miti midogo iliyochunika gome maana madume mwezi huu wanasugua pembe. Ukiona piga picha utume lokesheni humu alafu ondoka, usizungukezunguke hapo ukaacha harufu.

Ambao hamjamaliza kozi ya usalama wa uwindaji njooni tu, hatubebi silaha yoyote siku hiyo.

Anayekuja aandike NIPO, na mwenye gari aseme ana nafasi ngapi, mwisho Alhamisi saa 2 usiku.