Barua kwa Rehema kuhusu pendekezo lake la utafiti

Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu, nawe unifikishie kwa wazazi. Nimelisoma pendekezo lako la utafiti kuhusu wanafunzi viziwi wa sekondari, na nimefurahi sana kuona kwamba umeamua kusoma shahada ya uzamili katika masuala ya ulemavu na haki za kijamii.

Swali lako, hata hivyo, linauliza kwa nini wanafunzi hao hawafaulu mitihani, na hivyo linamwelekea mtoto kana kwamba kasoro iko masikioni mwake. Ningependa liielekee shule. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazitaka nchi katika Ibara ya 24 kuajiri walimu wanaoijua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Uliza basi kama walimu hao wapo, na kama hawapo, mtoto anafundishwa kwa lugha gani.

Kuna kisa kilichonikaa moyoni tangu nilipokisoma. Katika miaka ya 1960, wakazi wenye ulemavu wa makao ya Le Court, nchini Uingereza, walikuwa wakidai kuwa na kauli juu ya maisha yao ya kila siku, hata saa ya kwenda kulala, nao wenyewe wakaomba watafiti waje, wakitumaini kwamba utafiti ungeyapa nguvu madai yao. Watafiti walikuja, kisha wakapendekeza namna ya kuyaendesha vizuri zaidi makao ya aina hiyo, badala ya kusimama na wale waliowaita. Paul Hunt, aliyewahi kuishi hapo, aliona kuwa wamesalitiwa. Mwaka 1972 aliandika gazetini akiwataka wenzake waungane, na chama kilichozaliwa na wito huo ndicho kilichotamka, mwaka 1976, kwamba jamii ndiyo inayowalemaza watu.

Kwa sababu hiyo nakusihi uende Chama cha Viziwi Tanzania kabla hujaandika hojaji, ili viziwi wenyewe washiriki kulichagua swali, wasingoje kuwa wahojiwa tu. Tenga pia malipo ya mkalimani tangu mwanzo, kwa maana fungu hilo likikosekana utaishia kuzungumza na wazazi na walimu peke yao.

Ukishaonana nao, nitumie rasimu mpya; nitaisoma yote.

Rafiki yako,
Neema